Ngome Juu ya Beseni

Garland, mji tunaoishi huku ughaibuni, ni tambarare, kwa hiyo kilima chetu kilikuwa beseni la kufulia, tumelifudikiza katikati ya zulia. Mwalimu wa binti yangu alitaka kila mtoto ajenge ngome ya Ulaya ya zama za kati. Kwa zamu zangu za kazini, kazi hiyo ilipigwa danadana mpaka ikabaki Jumapili moja tu, na nilikuwa nimemwahidi kwamba leo lazima iishe.

Maboksi niliyatoa ghalani nilikopakia mizigo kila jioni, baada ya kushinda nikitunza wazee wa watu. Miguu iliwaka moto. Nilikata kuta huku binti akinisomea kitabu chake: ngome ya kwanza ilikuwa ya mbao, ikachomwa, ndipo wakajenga ya mawe. Madirisha yalikuwa nyufa tu, mshale utoke, usiingie. Kisima kilichimbwa ndani ya kuta. Nikauliza mawe yote hayo nani aliyapandisha kilimani. Kitabu hakikusema. Watu wenye migongo kama wangu, nadhani, na hakuna aliyewapa pole.

"Mama, we still need the keep."

"Ku-keep nini tena? Humu ndani hata pa kuweka kijiko hakuna!"

Alicheka mpaka akakaa chini. "No, Mama. Keep ni mnara, wa katikati. Kuta nene sana. Wakivunja gate, wakivunja everything, watu wana-run humo. Hakuna mtu anaweza kukupata."

"Basi jenga, mwanangu. Nafumba macho kidogo. Simu ya ukutani ikilia uniamshe."

Simu ya Jumapili ilikuwa ya msimamizi wa ghala. Kila wiki kuna mtu hakutokea, na mimi kusema 'hapana' sikujua. Ikilia, nitakwenda, na ngome itabaki nusu. Binti alilijua hilo kuliko mimi.

Nilipoamka jua lilikuwa limeteremka hadi kwenye zulia. Ngome ilikuwa imesimama, imepinda kidogo upande wa lango. Nikachungulia ndani ya mnara. Kulikuwa na kitanda cha boksi la kiberiti, na juu yake kijitu cha karatasi kimefunikwa kipande cha kanga yangu.

"Huyu nani?"

"You," alisema. "Umelala."

Nikageukia simu ukutani. Waya ulikuwa umechomolewa, umekunjwa vizuri pembeni.

Nilitaka kumgombeza, machozi yakanitangulia. Nikajifunika kanga yangu iliyokatwa pembe, nikalala tena.