Madishi Yetu na Roketi za Wenzetu

Mume wangu alilijua anga kuliko alivyowajua ndugu zangu. Tulikuwa na fremu ya kuuza madishi Kariakoo, na alipoona kwenye simu kampuni binafsi za nje zikirusha roketi moja baada ya nyingine, alifurahi kama mtu aliyesikia lami inapita mbele ya kiwanja chake.

"Mama watoto, setilaiti zikijaa huko juu, watu huku chini watazinasa kwa kutumia nini? Sufuria?"

Nilicheka. Desemba ile hatukwenda nyumbani Moshi, jambo ambalo kwa sisi Wachaga linakaribia msiba, na nauli pamoja na zawadi za wazee tukazigeuza madishi. Yakajaa stoo mpaka darini. Nikikumbuka napandwa na hasira hadi leo: hatukumuuliza mtu hata mmoja hizo setilaiti mpya zinafanyaje kazi.

Zinafanya kazi bila sisi. Ni za intaneti, hazitulii mahali pamoja kama zile za televisheni tulizozizoea, na kampuni inayozirusha inauza yenyewe kifaa chake, bapa kama trei, kinachojitafutia mawimbi. Fundi wa kupanda paani haitwi. Wasiokimudu nao walishahamia kutazama mpira kwenye simu, na walioingia dukani kwetu waliuliza tu njia ya kwenda soko la Mchikichini.

Kilichoniumiza zaidi ni yeye. Asubuhi alifuta madishi vumbi, mchana akatazama roketi. "Leo wanarusha nyingine," aliniambia, kwa sauti ya kutoa habari za mgonjwa. Mwenye nyumba alishaanza kuleta wauza makava ya simu waitazame fremu yetu tukiwa humo humo ndani. Niliogopa.

Ndipo akaingia mama mmoja kutoka Buguruni, anataka dishi kubwa. Mume wangu akasimama haraka, akaanza kumweleza litaelekezwa wapi.

"Litakaa chini tu, baba. Nataka la kuwekea bata maji."

Nilidhani atamfukuza. Mume wangu alikuwa mtu wa kubishania bei mpaka wapita njia wanasimama kusikiliza. Yule mama akataja bei yake, ile ya uchokozi, ambayo Kariakoo mtu huitaja ili apigiwe kelele kwanza ndipo mazungumzo yaanze.

"Chukua," mume wangu akasema.

Mama wa watu akabaki amesimama pale, akingoja tubishane.