Ngome ya Nizwa na Asali ya Tende

Safari hii imeletwa na mdomo wangu. Mjukuu wangu Nasra, ana miaka kumi na nne na kazaliwa hapa hapa London, alirudi siku moja kutoka matembezi ya skuli. Walipelekwa kutazama ngome ya wafalme wa Kiingereza, ile ya kando ya mto. Akavua viatu, akaniuliza kwa Kiingereza: na sisi kwetu tulikuwa na ngome? Nikamwambia, tena za maana kuliko hizo, na waliozijenga ni Waarabu wa Omani, na moja iko Unguja, nimepita mbele yake utoto wangu wote. Akauliza ndani mna nini. Mimi nilikuwa napita pale na kapu langu la mbatata, sijapata kuchungulia. Skuli niliiacha mapema, lakini aibu naijua. Ndipo nikakata shauri nimpeleke Omani, kwa hao wenyewe waliozijenga, tukazione pamoja.

Na liko jambo jengine. Nasra Kiswahili anakisikia chote, hata ukinong'ona jikoni, ila hujibu kwa Kiingereza. Zamani akisema. Alipokuwa mdogo tulikwenda harusini Stratford, akataka kumsifu bibi harusi kwamba kapambwa vizuri. Akasema mbele ya watu, "Bibi harusi kapikwa vizuri." Wanawake walianguka kwa kicheko. Jirani yetu wa Thamesmead, Bi Mwanaidi, akampa jina la Mpishi, na jina likaganda kama ukoko. Tangu siku ile mtoto kakifunga Kiswahili chake, katia na komeo. Kiingereza changu mimi ni cha basi na cha dukani. Tukawa tunaishi kama watu wa vyumba viwili, tunagongeana ukuta. Mwanangu Zuhura, mamake Nasra, aliponiuliza kwa nini nisiende Omani peke yangu, nilimwambia wazi: nataka mtoto huyu aseme na mimi kabla sijafa.

Asubuhi ya kuondoka tulipanda treni Abbey Wood, ikatupeleka moja kwa moja mpaka uwanja wa ndege. Nilivaa koti la baridi juu ya dera, na moyo unanirukaruka kama wa mwari. Nasra alitia vile vidude vyake masikioni. Kila nikimwonyesha kitu dirishani anasema, "Okei, Bibi."

Maskati tulipokelewa na Zuwena, mtoto wa mama yangu mdogo, na mumewe, shemegi yangu Nassor. Wote wawili wamezaliwa Unguja, wakahamia huko na wazee wao. Shemegi kaendesha malori maisha yake yote, Kiarabu anacho, Kiswahili anacho, Kiingereza chake kinaishia kwenye "welkam".

"Shemegi, umezeeka," nikamwambia.

"Na wewe je? Au London hakuna vioo?"

Nasra akacheka chini chini. Nikaona, nikajitia kushughulika na mabegi. Ukiona kuku anasogea mwenyewe, huna haja ya kumkimbiza.

Siku ya pili tulikwenda Jabrini, barabara imekatwa katikati ya milima mikavu, hata jani la kumpa mbuzi huoni. Mara ngome hiyo, imesimama katikati ya mitende, rangi ya mkate wa ajemi. Ndani, dari zimechorwa maua kama leso, na kiko chumba cha farasi ghorofani. Farasi wa imamu, ndiye mtawala wao wa zamani, alikuwa analala juu, na mimi London nimekaa miaka nikiomba nyumba isiyo na ngazi.

Nilitaka kutawadha, nikamuuliza Zuwena uko wapi mfereji. Akanipeleka nje, akanionyesha maji yanayokwenda ardhini kwenye njia ya mawe.

"Nataka mfereji, Zuwena, wa kufungua na kufunga."

"Mfereji ndio huu, dada. Wenyewe wanauita falaji. Huo wenu wa ukutani ndio uliokopa jina."

Kumbe maji hayo yanatoka mbali chini ya ardhi na yanapita mpaka ndani ya ngome, adui akizingira watu wasife kwa kiu. Nikatawadha hapo, maji baridi yanapita vidoleni, nikamwita Nasra naye atie mkono. Akatia. Kutwa ile shemegi alikuwa anasema Kiswahili, Nasra ananiuliza kwa Kiingereza, mimi namgeuzia shemegi, shemegi anajibu, namgeuzia Nasra. Mpaka jioni ulimi umenivimba.

Nizwa tulifika asubuhi ya siku iliyofuata. Mnara wake ni wa duara, mnene, kama sufuria ya pilau ya harusi, na ndani wameujaza udongo mpaka nusu. Vibao vya Kiingereza vipo, lakini vinasema maneno mawili matatu, na Nasra huyataka yote. Tukaingia ghala ya tende. Sakafu yake ina matuta na vijifereji. Shemegi akaeleza kwamba magunia ya tende yalipangwa hapo mpaka juu, yanakandamizana kwa uzito wao, asali inachuruzika yenyewe mpaka kwenye mtungi. Nasra akanigeukia: muulize asali yote hiyo ya nini.

"Leo mkalimani kagoma," nikasema. "Babu yako huyo hapo, muulize mwenyewe."

Akanitazama kwa jicho la mamake akikasirika. Akakunja mikono, akatangulia. Nikasema moyoni, umeharibu, bibi wewe, mtoto atarudi London na komeo mbili.

Ngazi ya mnarani inakwenda kwa kona, na kila kona ina mlango mzito, na mbele ya mlango shimo. Siku hizi wamelifunika, zamani lilikuwa na ubao tu, na ubao ukiondolewa adui anatumbukia gizani. Magoti yangu yalinililia, nikawaambia nyamazeni, nyie mmekuja bure. Kwenye mlango mmoja shemegi akasimama, akaonyesha juu. Pana tundu.

"Adui akishafika hapa," akasema, "juu yuko mtu na chungu. Asali ya tende, imechemka. Maji ya moto hukauka, lakini asali inanata. Wanammiminia kichwani."

Nasra alikuwa chini ya tundu kabisa, kainua uso. Nikaona midomo yake inajaribu, inaacha, inajaribu tena. Kisha akasema, taratibu, kwa Kiswahili:

"Kwa hiyo walipikwa vizuri."

Shemegi hajui lolote la Stratford. Alicheka mpaka akakaa kitako kwenye ngazi, kofia ikamwanguka. Na mimi moyo ukasimama, maana kicheko ndicho kilichotutia ugonjwa. Nasra akanigeukia.

"Bibi, hapa sikukosea."

"Hukukosea, mama. Walipikwa, tena wakaiva."

Akamgeukia shemegi. "Babu, na yule wa nyuma yake alifanya nini? Alikimbia au alipita juu yake?" Na hapo hakunyamaza tena. Anakosea ngeli, anachanganya, anaacha neno katikati analiokota jengine, shemegi anajibu huku anafuta machozi. Nilibaki nyuma nimeshika ukuta, najifanya napumzika magoti.

Tulirudi London na mvua yake. Nilichojifunza nakisema kama kilivyo: ngome si mawe. Kuta nene bila maji na tende ni kaburi la watu walio hai. Kilichowaokoa watu ni cha jikoni, kilichowekwa mapema, kikaachwa kichuruzike chenyewe.

Jumamosi Bi Mwanaidi akaja kuchukua khabari za safari. Nasra akaenda kumfungulia, mkononi ana chupa ya asali ya tende aliyopewa na Zuwena.

"Haya, Mpishi wetu, umerudi?" akasema Bi Mwanaidi.

"Nimerudi, Bi Mwanaidi," mjukuu wangu akajibu, huku anafungua kifuniko. "Simama hapo hapo mlangoni."