Mstafeli na Macho ya Bi Rukia

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nyumbani kwetu Mji wa Kale kitu kizuri hakikusifiwa bila mashallah. Kwa hivyo Bi Rukia, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alipoutazama mstafeli wa Bibi uwani akasema tu, "Stafeli zako mwaka huu kubwa," kisha akaendelea na kahawa yake, Bibi aliisubiri mashallah ya kuukinga mti, haikuja.

Wiki chache baadaye majani yalijaa vidoa vyeupe, vigumu, vimeganda kama nta. Hakuna mzee mtaani aliyewahi kuviona. Bibi hakuhitaji kuuliza: mti umepatwa na kijicho. Akafukiza ubani na pilipili kavu chini yake, kisha akaufunga mlango wa uwani aliokuwa akipitia Bi Rukia kila alasiri.

Kabla ya vidoa hivyo kutokea, mimi nilikuwa nimetoka Likoni kwa shangazi na mche wa mpera ndani ya kopo, nikauweka kivulini pale pale, chini ya mstafeli. Siku moja niligeuza jani lake nikaona vidoa vile vile. Nilipokwangua kimoja kwa ukucha, chini ya gamba palikuwa na mdudu wa manjano, hai. Niliona haya: wadudu niliwaleta mimi, si macho ya Bi Rukia.

Sikusema, nilikuwa mwoga. Lakini mche niliuchoma, nikachukua mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, na kila nikitoka chuoni kusoma Kurani nikasugua jani moja moja. Vidudu vilirudi, nikasugua tena. Niliapa mti ule haufi.

Baada ya wiki nyingi Bibi alinifuma. Nikamweleza yote, nalia. Hakunipiga. Alifungua ule mlango, akaniambia niende mwenyewe kwa Bi Rukia.

Bi Rukia alinisikiliza amesimama, kisha akakaa kitako sakafuni.

"Mjukuu wangu ana siku arubaini, mwangu," alisema. "Sijamtazama uso. Naogopa mato yangu."

Akavaa buibui papo hapo, akaenda Bondeni kumwona.

Mstafeli ulipoteza matawi mawili, ukapona. Mashallah nasema hadi leo, sioni sababu ya kuacha. Kinachoniuma ni kwamba nilijua, na siku zote zile nilishughulika na majani huku mtu mzima akiyaogopa macho yake mwenyewe. Sasa kosa langu likimwangukia mwingine, naanza kwa kubisha mlangoni kwake. Majani yatangoja.