Sauti Iliyokosekana Mlangoni

Nakumbuka wiki mbili nilizokosa usingizi kwa ajili ya neno moja: tumemsamehe. Watu wote walilitamka, mimi nikanyamaza. Nilijilaza chali nikitazama boriti za dari na kujiuliza: je, kunyamaza kwangu kumemdhuru maiti? Na nikilitamka sasa, litatoka moyoni au litatoka kwa woga?

Mdogo wangu, nasaha ni kazi ya wazee, nami hata mvi moja sina. Lakini mama ameniambia wewe na rafiki yako wa tangu madrasa hamsemezani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi keti nikuhadithie.

Mimi na Faraj tulikulia kichochoro kimoja nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, dirisha kwa dirisha. Yeye alikuwa mwepesi wa kila jambo, akapata kazi kwa wakala wa forodha huko bandarini Kilindini. Mimi nilimaliza chuo kikuu nikarudi nyumbani kukaa. Akanitafutia nafasi ofisini kwao. "Nipe jibu leo," akasema. Nikamwomba siku moja nifikirie. Siku ikawa nne, nikipima mshahara, wakubwa wa kazi, na kama shahada yangu itapotea bure. Nafasi akapewa mwingine.

Jioni ile akanicheka barazani, mbele ya watu. "Jamani, mpisheni Bwana Ntafikiria! Huyu hata akiletewa hamri na chai, huuliza kwanza aanze kuuma pembe ipi!" Baraza zima likaangua kicheko. Nami ningecheka, lau angekuwa ni mwingine anayesemwa. Nikaondoka, na mwezi mzima nikipishana naye natazama ukuta. Mara mbili alinianza yeye: "Wajionaje, Bwana Ntafikiria?" Hiyo ndiyo iliyokuwa namna yake ya kuomba radhi. Nilifahamu, ila nilitaka kwanza nipange maneno ya kumjibu.

Kisha homa ikamchukua kwa siku nne tu. Kifo hakibishi hodi.

Jeneza lilipotolewa, ami yake alisimama kizingitini, kama ilivyo ada yetu, akasema, "Jamaa, kijana wetu alikuwa binadamu. Aliyekosewa naye, twamuomba amsamehe." Kichochoro kizima kikaitika, "Tumemsamehe." Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka jeneza. Nikaanza kupima: nimemsamehe kweli, au nasema kwa kuwa wengine wasema? Bado napima, jeneza likapinda kona.

Toka siku hiyo nikawa mtu wa kujificha. Kwenye hitima niliketi karibu na mlango, nikatoka wa kwanza. Mamake Faraj, Bi Zuhura, sikwenda hata kumpa pole. Nyanya akaniona.

"Umekwenda kwa Bi Zuhura?"

"Bado, nyanya. Kawia ufike."

"Kawia ufike ni ya mtu aliye njiani. Wewe umekaa kitako!" Akanisogezea viatu kwa mkongojo wake. "Msamaha si mtihani wa chuo kikuu, mjukuu wangu, ungoje mpaka ujue majibu yote. Wewe useme, moyo utakuja nyuma. Vaa, wende."

Nikavaa, nikavuka kichochoro. Bi Zuhura aliitikia hodi yangu, nikambusu mkono. Hata sijaketi, akanitazama usoni.

"Nilikuwa dirishani juu siku ile. Sauti zote nilizisikia. Yako niliitafuta, sikuipata. Tangu hapo najiuliza, mwanangu alikufanyia jambo gani kubwa hivyo, hata wewe uliyekula naye sahani moja ushindwe kumsamehe?"

Loo! Nilidhani shaka ile nimeibeba peke yangu. Kumbe niliigawa, na fungu kubwa nikampa mfiwa.

"Alinicheka, mama," nikasema. "Kwa ajili ya hamri." Nikamhadithia yote, na nafasi ya kazi niliyoichezea. Aliposikia habari ya pembe alicheka, akalia, akacheka tena. "Ulimi wake huyo! Ulimi wake!"

"Nimemsamehe," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, kana kwamba bado nimesimama pale mlangoni. "Na mimi nilimkosea zaidi. Nisamehe wewe badala yake."

"Yamekwisha, mwanangu." Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Ami yake huenda makaburini kila Ijumaa baada ya sala, na miguu haimshiki vizuri. Waweza kwenda naye?"

"Naam, mama." Sikuomba siku ya kufikiria.

Sasa sikiza, mdogo wangu. Wagombanao ndio wapatanao, lakini sharti wote wawili wawe juu ya ardhi. Usingoje moyo utakate ndipo useme, wala usingoje maneno yajipange. Nenda leo kwa rafiki yako. Akikutania, cheka. Ukikosa la kusema, msalimie tu, maana salamu nayo ni nusu ya radhi. Na likikufika la kufika, usiache mfiwa akaitafuta sauti yako asiipate.

Mola akupe ulimi mwepesi wa kusamehe, na akuachie rafiki wa kukucheka hata meno yakikutoka. Mimi nakuaga hapa. Leo ni Ijumaa, watu wameshatoka msikitini, na ami yake Faraj yuko ngazini ananyoosha mkono nimshike.