Kidole Chini ya Cheni

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka bado natazama nyuma kuona ni nani amesimama mgongoni mwangu. Nilikuwa Mbita, kwenye steji yetu ya pikipiki karibu na soko la samaki, na mwenzangu mmoja alikuwa ameinama anachomoa mpira wa petroli wa pikipiki yangu ili aichome moto. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshikwa mikono. Nitakueleza tulivyofika hapo. Kaa, na hiyo simu uiweke mfukoni. Naona unavyoitupia jicho, sijazeeka kiasi hicho.

Umeniambia unanunua pikipiki ya matope, ile iliyoinuka juu yenye springi ndefu, kutoka kwa mtu wa Isebania ambaye humjui. Amekuambia ni safi kabisa. Wote husema ni safi. Mpaka leo sijasikia muuzaji akisema pikipiki yake ni chafu. Ndiyo maana nimekuita kabla hujaenda.

Miaka hiyo pikipiki za abiria ndiyo zilikuwa zimeanza kujaa huku kwetu. Nilitoka Kuria nikiwa kijana, nikafuata kazi hadi Mbita, nikawa Mkuria peke yangu katika steji ya Wajaluo. Sitasema nilionewa. Tulikula pamoja, tulitaniana, na Kijaluo changu kibovu kiliwachekesha kila siku. Lakini nilijua kwamba siku jambo baya likitokea, macho yatanigeukia mimi kwanza. Hilo nililijua bila kuambiwa na mtu, na kila nilipowasikia wakinong'ona nilidhani ni mimi wanayenizungumzia.

Otieno ndiye aliyekuwa wa kwanza pale kupata pikipiki ya matope. Alipanda nayo milima ya Gwassi, mahali zetu zilipokuwa zinapumua kama wagonjwa. Mama yake, tuliyemwita Min Otieno, alikuwa muuzaji wa omena, wale dagaa wa ziwani, na magunia yake yote yalisafiri juu ya ile pikipiki. Otieno aliringa, na alikuwa na haki ya kuringa.

Shida ni kwamba aliitunza vile sisi tulivyotunza zetu. Pale steji tulikuwa na desturi. Asubuhi pikipiki inapandishwa juu ya kreti ya soda, gurudumu la nyuma linaning'inia, halafu mtu anakaza cheni mpaka isitoe sauti hata kidogo. Aliyekuja na cheni inayochezacheza alichekwa mpaka jioni. Walimwambia anavuta abiria kwa kamba ya ng'ombe. Kwa hiyo kila mtu alikaza, na aliyekaza zaidi ndiye aliyeonekana fundi.

Mimi sijawahi kuamini kitu nisichokigusa. Jioni moja Otieno akiwa amekaa juu ya pikipiki yake, na abiria nyuma yake, niliinama nikapitisha kidole chini ya cheni. Haikuinuka. Ilikuwa imevutika kama waya wa kuanikia nguo zilizoloa.

Abiria aliposhuka nikamwambia, "Otieno, hii cheni imekazwa sana. Pikipiki yako iko juu, ikikaliwa inashuka, na ikishuka cheni inazidi kuvutika. Ukiingia shimo itakatika."

"Mwita, wewe Mkuria unajua ng'ombe. Wachana na cheni," alinijibu akicheka. Alipoona sicheki, akanirushia spana. "Haya, legeza basi, kama ndiyo utapata usingizi." Akaenda zake kunywa chai.

Nikalegeza mpaka cheni ikawa na nafasi ya kutosha hata mtu akikaa juu, siyo ikiwa kwenye kreti tu. Nikafunga nati. Watu walikuwa ng'ambo ya barabara na waliniona vizuri nimechuchumaa kando ya pikipiki ya mwenzangu, spana mkononi. Walichoona waliona. Maneno yetu hawakuyasikia.

Kesho yake nilibeba mteja kwenda Rusinga. Niliporudi steji, wenzangu walikuwa wamekusanyika wakiniangalia, mwanangu. Hakuna aliyenisalimia. Mwenyekiti wa steji, jamaa mpana aliyekuwa na sauti ya kanisani, alinijia akasimama karibu mno.

"Otieno ameanguka njia ya Gwassi. Mguu umevunjika. Cheni ilikatika ikajifunga kwa gurudumu," alisema. "Jana ulikuwa unafanya nini kwa pikipiki yake?"

"Nililegeza cheni. Mwenyewe alinikubalia."

Basi, nilipotamka neno la kulegeza, mambo yaliisha. Sehemu ya pili ya maneno yangu hakuna aliyeisikia. "Amekubali mwenyewe!" "Alitaka wateja wa Gwassi!" "Omera, ndugu yangu, si nilisema huyu si wa kuaminiwa?" Mikono ikanishika. Ndipo nikaona mpira wa petroli ukichomolewa, na mmoja akiulizia kiberiti. Niliogopa, sitakudanganya. Nilijua moto wa namna ile ukianza kwa pikipiki hauishii kwa pikipiki.

Hapo akafika Min Otieno. Alitoka hospitalini alikolazwa mwanawe, leso yake ina matope ya barabarani. Mimi nilipomwona nikasema sasa ndiyo basi, mwenye uchungu amekuja.

"Mnachoma nini?" akauliza.

"Mama, huyu ndiye aliharibu cheni ya Otieno. Amekubali."

"Amekubali kuharibu ama amekubali kulegeza?"

Mwenyekiti akajibu, "Kulegeza."

Yule mama akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa. "Wewe sikuamini," akaniambia. Kisha akawageukia wao. "Na nyinyi pia siwaamini. Mtoto ni wangu, hasira ni yangu, na mimi bado sijaona kitu. Hiyo pikipiki iko wapi? Ileteni hapa niione na macho yangu."

Ililetwa kwa mkokoteni, cheni ikiwa ndani ya gunia. Akaamuru mwenyekiti mwenyewe aiunganishe, gurudumu lisisogezwe hata kidogo. Mimi akanikataza kugusa chochote. Cheni ilipounganishwa akaniuliza niliiacha wapi. Nikamwonyesha kwa mbali ile mistari iliyochongwa kwenye mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Ekseli, ule ufito wa chuma unaopita katikati ya gurudumu, haikuwa pale nilipoiacha. Ilikuwa imevutwa nyuma sana, na kuivuta nyuma ndiko kukaza cheni.

"Labda anadanganya," mtu akasema.

"Labda," akajibu Min Otieno. "Kwa hivyo tutakaa."

Akainua leso, akapanda juu ya pikipiki ya mwanawe, mwanamke mzito wa heshima zake, akamwita kijana mmoja akae nyuma yake na mwingine nyuma ya huyo. Pikipiki ikashuka, springi zikalia. Akamwambia mwenyekiti aweke kidole chini ya cheni ainue. Mwenyekiti akainua. Akajaribu tena kwa vidole viwili, uso ukamvimba. Cheni haikutingishika.

"Hii ndiyo imelegezwa?" mama akauliza.

Aliposhuka, nikaomba aivute cheni pale nyuma kabisa ya sproketi, lile gurudumu kubwa la meno. Akaivuta, ikaachana na meno mpaka mwanga ukapita katikati. Meno yenyewe yalikuwa membamba, yamelala upande mmoja. Alitembeza kidole juu yake polepole.

"Hizi ni ndoana," akasema. Alikuwa mtu wa ziwa, ndoana alizijua. "Hii haikuliwa jana. Imekuwa ikiliwa, na nyinyi wote mnaipita kila asubuhi." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani aliikaza leo?"

Vijana wawili wakaangalia viatu vyao. Yeye akaona wanajua kitu, akafunga leso vizuri na kurudi hospitalini kumuuliza Otieno. Mimi sikuachiliwa. Waliniweka kwenye benchi la steji, mpira wa petroli bado unaning'inia, tukamngoja. Sikujua atarudi na nini. Mama gani atatoka kwa mwanawe aliyevunjika mguu aje amwokoe mtu baki? Mimi nilishasema moyoni, atamficha mtoto wake.

Alirudi kwa miguu. Akasimama katikati yetu na kusema, wote tukisikia, "Ni Otieno mwenyewe alikaza. Mlimcheka asubuhi kwamba cheni inapiga makofi, akapandisha kwa kreti akakaza. Nilimuuliza akageukia ukuta. Nikamuuliza tena akalia. Rudishieni huyu mtoto wa watu petroli yake."

Akaondoka. Hakunipa pole, na mimi sikumpa asante. Sote tuliona aibu.

Nilidhani hatataka kuniona tena. Siku chache baadaye akaja steji na gunia la omena, akawapita wote, akasema, "Mwita, nipeleke." Moyo wangu ukapanda. Lakini kabla hajaketi, aliinama akapitisha kidole chini ya cheni yangu. Akaangalia meno ya sproketi ya nyuma, akaangalia ya mbele. Tulipoketi na gunia limefungwa, akaniamuru niiname nami niiguse. Akafanya hivyo safari iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Nilivumilia mpaka nikachoka.

"Mama, kwani bado huniamini?"

"Otieno nilimuamini," akasema. "Sasa yuko na chuma ndani ya mguu. Wewe nitakuangalia."

Nililia njiani, mwanangu, na upepo ukanisaidia kuficha. Miaka yote niliyombeba hakuwahi kupanda bila kuinama, hata alipozeeka na mgongo ukawa unamuuma.

Sasa sikiliza, haya ndiyo niliyokuitia. Ukifika Isebania, mwache yule mtu aseme yake yote, wewe vuta cheni nyuma ya sproketi kubwa. Ikiachana na meno, au meno yamelala, usikubali akubadilishie cheni peke yake. Cheni mpya juu ya meno ya zamani italiwa upesi, kwa hiyo vitatu vibadilishwe pamoja, cheni na sproketi zote mbili. Zungusha gurudumu utafute mahali cheni inapovutika zaidi, na hapo ndipo upime. Pima watu wakiwa wamekaa, siyo pikipiki ikining'inia. Wakikucheka kwamba inapiga makofi, waache wacheke.

Na ukimshuku mtu, sikukatazi. Mimi mwenyewe nashuku mpaka leo. Lakini usishuku nusu ukaita kiberiti. Shuku mpaka mwisho, mpaka uguse chuma, mpaka umuulize hata mtoto wako mwenyewe, na ukipata jibu ulisimamie mbele za watu hata likikuumiza. Wale wenzangu walitaka kuniua kwa shaka iliyoishia njiani.

Nenda basi. Mungu akulinde kwenye makorongo na kwenye miteremko, abiria wako washuke wakiwa wazima, na mguu wako usionje chuma. Na akujalie katika maisha yako mtu mmoja anayekupenda kiasi cha kuinama na kukukagua kabla hajapanda.