Shati la Mama Mkwe na Mwendo wa Meli

Mama Mwendo hachoki kumshukuru mama mkwe wake, na ana haki. Kazini walimpa jina hilo kwa sababu hukadiria mwendo wa meli za kampuni, ijulikane kila moja itafika lini. Kazi hiyo ilimtoa jasho! Kanuni zake za fizikia zilijua injini, upepo na mawimbi, lakini zilidhani meli bado ni mpya, haijagandwa tumboni na magamba ya viumbe wa baharini yanayoipunguzia mwendo. Akazitupa, akaiacha kompyuta ijifunze yenyewe kutokana na safari za nyuma. Loo! Ikamwambia dhoruba huongeza mwendo, kumbe ni manahodha ndio huongeza nguvu ya injini bahari ikichafuka.

Jumapili moja mama mkwe akaleta shati alilomshonea mwanawe kwa vipimo vya siku ya harusi. Vifungo vikagoma kufika.

"Mwanangu hajanenepa," akasisitiza.

Mama Mwendo akauma ulimi asicheke. Shati hakulitupa, maana mabega yalikaa sawasawa. Akafumua ubavuni tu, aongeze kitambaa palipopungua. Hapo sindano ikasimama mkononi mwake.

Kesho yake alizirudisha kanuni zikadirie kwanza, kisha kompyuta ijifunze kurekebisha pale tu zinapokosea. Meli iliyofuata ikaingia bandarini saa ileile aliyoitaja.

Akapiga simu. "Mama, asante kwa lile shati."

"Si mlisema linambana?"

"Ndiyo, mama. Lingemtosha, mimi ningekuwa bado nahangaika."