Rubisi ya Maji ya Bondeni

Kwetu Nyakasimbi kilima kilifyekwa miti kabla sijazaliwa, nasi tukanywa maji ya bondeni, mekundu, yenye viluwiluwi. Wadogo zangu hawakuachwa na kuumwa matumbo. Basi nilipoolewa Kamuli na kupelekwa chemchemini mara ya kwanza, nilikunywa mpaka mawifi wakanicheka. Maji yale jamani! Baridi, meupe, yanatoka chini ya msitu wa ukoo, ambamo shoka lilipigwa marufuku tangu zamani. Niliona nimeolewa na maji, mume ni nyongeza.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, kahawa ikapanda bei. Baba mkwe akawabembeleza wazee wa ukoo hadi wakamruhusu akate ule msitu apande mibuni. Akaita wanaume waje na mashoka, na sisi wanawake tutengeneze rubisi, pombe ya ndizi, ya kuwashukuru. Loh, nilichanganyikiwa! Ningemwambia nini? Kwa desturi yetu mke mgeni hasemi na baba mkwe. Hata sauti yangu hakuwahi kuisikia. Nikamlilia mama mkwe jikoni.

“Mdomo umefungwa, mikono je?” akaniambia. “Chukua mtungi, nenda bondeni; hata hapa Kamuli yapo maji kama ya kwenu.”

Tukakamua ndizi, tukachanganya na yale maji machafu, tukaacha ichachuke. Niliogopa, lakini kicheko kilikuwa kinanitoka ovyo.

Wanaume wakaja, wakaketi uani na mashoka yao. Mwenye nyumba ndiye huonja kwanza, wageni wapate kuiamini pombe. Baba mkwe akavuta mrija kwa madaha. Uso ukamkunjamana, akatema, pwaa!

“We mwanamke, umetia matope humu?”

“Nimetia maji ya bondeni,” mama mkwe akajibu, mikono kiunoni. “Msitu ukiondoka, chemchemi itakauka, na hayo ndiyo utakayokunywa mpaka uzeeni. Anza kujizoeza!”

Wanaume wakaangua kicheko. Mimi nyuma ya ukuta wa matete nimejiziba mdomo. Baba mkwe akauweka mrija chini, naye akacheka, akawaambia wenzake warudishe mashoka nyumbani.

“Lakini hili hukulifanya peke yako,” akamwambia mkewe. “Mkwe wangu yuko wapi? Aje.”

Nikatoka nimeinamisha kichwa. “Shikamoo, baba,” nikasema, naye akaisikia sauti yangu kwa mara ya kwanza.

“Marahaba, mwanangu. Kanichotee maji nisukutue kinywa. Ya msituni.”

Nilikimbia njia nzima.